Usianze na Queen of the Damned, nakuomba

Mkuu hebu kiweke chini kwanza hicho kitabu. Unasema unataka kumkumbuka marehemu Anne Rice, yule mama mwandishi wa riwaya za vampaya, wale viumbe wanaoishi kwa kunyonya damu, umepata Queen of the Damned ya mtumba na unauliza uanze nayo tu kwa vile muvi yake ile ya Aaliyah ulishaiona. HAPANA. Hicho ni cha tatu kwenye mfululizo! Cha kwanza ni Interview with the Vampire, 1976, kinafuata The Vampire Lestat, 1985, ndo kije hicho chako cha 1988.

Mimi nilianza na hichohicho kwa sababu hiyohiyo. Muuza vitabu kavitandaza chini pale Posta, namuuliza hivi havina mpangilio? Jamaa hata hakupepesa macho, "kila kimoja kinajitegemea braza". Kinajitegemea! Siku nikimkuta namuuzia viatu viwili vyote vya kushoto, nimwambie kila kimoja kinajitegemea.

Sasa humo ndani kuna dada anaitwa Jesse, anaingia kwenye nyumba ya zamani New Orleans anakuta mdoli na shajara ya mtoto anaitwa Claudia. Mimi huyo Claudia simjui ananihusu nini, nikapiga miayo nikaruka kurasa. Nikaruka! Nikamaliza nikasema huyu mama anasifiwa bure tu, na kile cha kwanza ambacho nilishakinunua nikabadilishana na jirani kwa chaja ya simu, hata sijakifungua. Chaja yenyewe ilikufa wiki ya pili.

Desemba 2021 Rice anafariki, ana miaka 80, watu wanamlilia mtandaoni, ndo nasoma kumbe alifiwa na bintiye Michele mwaka 1972, saratani ya damu, mtoto hajatimiza hata miaka sita. Mwaka uliofuata mama akakaa akaandika kile kitabu cha kwanza, wiki kama tano tu, na humo ndo yumo Claudia, katoto ka miaka mitano kanageuzwa vampaya, akili inakua mpaka utu uzima ila mwili haukui, vidole ni vilevile vya mtoto miaka nenda rudi. Damu imemuua wake, akaandika wa kuishi kwa damu. Aisee nilikaa kimya.

Nikakitafuta tena, nikakilipia mara ya pili, na utamu ulishaharibika maana Claudia anavyofika Paris mimi najua kila kitu, cha tatu kilishanipasulia. Na bado nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, kwenye daladala. Konda ananiuliza braza umeibiwa simu? Nikamwambia ndiyo.

Uliuliza na kitu kingine, sijui dini ya Rice, sijui tamthilia ya 2022 iliyotokana na kitabu hicho, hayo baadaye. Anza na cha 1976. Ukikikosa njoo inbox nikuazime changu, ila utaacha kitambulisho.