Re: Mbega wa Arusha mbona hafanani na wa Udzungwa?

Mkuu, hao ni spishi mbili tofauti kabisa, sio suala la umri wala dume na jike. Wa Arusha, yule wa Meru na Kilimanjaro, ana manyoya marefu meupe yanashuka mbavuni mpaka kiunoni, na mkia zaidi ya nusu mweupe umejaa kama usinga. Wa Udzungwa, ambaye yupo pia Usambara na pwani mpaka kusini mwa Kenya, weupe uko mabegani na usoni, mkia mweusi unamalizia na weupe nchani. Halafu Udzungwa hiyohiyo kuna mbega mwekundu wa aina yake, nje ya pale yupo misitu michache tu ya bonde la Kilombero kama Magombera. Kima punju, yaani mbega mwekundu wa Zanzibar, asili yake Unguja, wale wa msitu wa Ngezi Pemba walipelekwa miaka ya 1970. We uko Dar bana, panda boti asubuhi nenda msitu wa Jozani, Unguja, ukawaone.