Taa ya mifuko ya hewa haizimiki: gari likipinduka itakuwaje?

Pole sana ndugu. Nimekuelewa: una Prado iliyotumika, unapanda milima ya Kapchorwa, Uganda, na familia kila mwezi, taa ya mifuko ya hewa inawaka muda wote, na fundi kakwambia gari likipinduka mifuko itafunguka tu. Usikubali hadi apime.

Gari lenye kinga ya kupinduka lina kihisi kinachopima kasi ya kulalia ubavu na msukumo wa pembeni. Kompyuta ikiona gari haliwezi tena kuepuka kupinduka, hukaza mikanda na kushusha mapazia ya hewa madirishani. Mapazia hayo hubaki yamejaa sekunde kadhaa, maana gari linaweza kubiringika zaidi ya mara moja. Mfuko wa usukani ni wa mgongano wa mbele, usiutegemee hapo. Na hata ukiona neno SRS (alama ya mfumo wa mifuko ya hewa) kwenye nguzo za pembeni, mapazia mengine hufunguka kwa kugongwa ubavuni tu. Soma kitabu cha gari.

Taa ikiwaka, hesabu kwamba huna kinga. Tafuta fundi wa umeme mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Asichokonoe nyaya za mifuko kwa taa ya kupimia, mfuko unaweza kumlipukia usoni! Wengine huchomoa balbu tu, kwa hiyo ukiwasha swichi hakikisha taa inawaka kwanza, kisha inazima.

Leo hii, kabla ya fundi: mikanda kwa wote, hata watoto nyuma, na matoke yashuke kutoka kwenye keria. Mzigo wa juu hufanya gari lipinduke kwa urahisi zaidi konani.