Dogo, usisimame kwenye fifti-fifti kabla hujaficha kisigino

Acha kwanza. Kama una mazoezi leo jioni, soma hii kabla hujafunga begi.

Umeandika kwamba mwenzako wa jiu-jitsu mwenye miguu mirefu anakunasa kwenye fifti-fifti, ule mkao wa kunasana miguu, kila raundi mkicheza bila gi (lile vazi la mazoezi linalofungwa mkanda), na mwalimu wako amekwambia dawa yake ni kusimama wima, kumgeuzia mgongo, kuchomoa mguu kwa nguvu halafu umpite, yaani uivuke miguu yake. Ukauliza na taiti gani ununue, na namna ya kushusha kilo kabla ya shindano. Hayo ya mwisho nitayafikia. Ila hiyo dawa ya mwalimu wako naifahamu vizuri sana. Mimi nilipewa dozi kamili, na aliyelipa bili ni goti langu la kulia.

Kwanza nikuonyeshe inakotoka, maana walimu wa namna hii hawadanganyi kwa makusudi, wanafundisha walichofundishwa. Fifti-fifti wengi waliijua kwenye gi. Kwa sheria za IBJJF, shirikisho la jiu-jitsu ya Kibrazili, ukivaa gi hakuna kusokota kisigino, uwe mkanda mweupe au mweusi. Kwa hiyo watu wawili wananasana miguu, mmoja anainuka anapewa pointi 2, mwenzake naye anainuka anapewa 2 zake, saa inakwenda, watazamaji wanapiga miayo. Mahali pa kupumzikia pale. Mtu aliyekulia humo lazima akuambie simama, kwa sababu kwake kusimama ni pointi na hakuna ajali.

Sasa vua gi. Kwenye ADCC, mashindano makubwa ya bila gi, hilihuku (ndiyo huko kusokota kisigino) ni halali, na IBJJF wenyewe tangu 2021 wameiruhusu bila gi kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi. Kwenye klabu zetu ndiyo kabisa, hakuna anayeuliza rangi ya mkanda, kila aliyeangalia video tatu anataka kisigino cha mwenzake. Na fifti-fifti inaitwa hivyo kwa sababu: alichokushika wewe ndicho ulichomshika yeye. Mguu wako umo kwenye miguu yake, wake umo kwenye yako, visigino vyote viwili viko mezani. Hapo hapana wa juu wala wa chini. Kuna aliyeficha na asiyeficha.

Mwalimu wetu wa wakati ule (jina namhifadhia, tunakutana msikitini) hakuyasema haya. Alisimama katikati ya mkeka, mikono kiunoni, akatuambia hilihuku ni mchezo wa wavivu wasioweza kupita gadi, yaani miguu ya aliye chini. "Simama, geuka, chomoa. Mwanaume hakai chini na kunyang'anyana miguu." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, nilikuwa na mkanda wa bluu mpya na kichwa kikubwa.

Akaja mgeni kutoka Nairobi, kijana mwembamba, mpole, hata salamu anaitoa kwa mikono miwili. Nikamdharau. Hatujatoa jasho nikawa nimenaswa, mguu wa kulia ndani. Nikakumbuka somo, nikainuka wima, najiona mshindi. Kuinuka kule ndiko kulikomsaidia: unyayo wangu ulibaki kifuani kwake na kisigino kimegeuka juu, hakuhitaji hata kukitafuta. Akapitisha mkono, mfupa wa kigasha ukaingia chini ya kisigino, viganja vikashikana, kidevu akakibana begani. Halafu akatulia. Akanitazama, akasema taratibu, "Kaka, ninacho."

Soma tena hapo. Aliniambia. Kwa adabu kabisa.

Mimi nikacheka, kwa sababu sikusikia maumivu. Na hilo ndilo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: kaba ya shingo inakubana, mkono ukinyooshwa unauma na unakuonya, lakini kisigino hakikuonyi. Kinachosokotwa ni mguu wa chini wakati paja limebanwa, na goti linakaa kimya mpaka kitu kikatike. Ukisubiri uchungu ndipo ugonge kukubali umeshindwa, umeshachelewa. Basi nikageuka kwa nguvu zangu zote, kumpa mgongo, kama nilivyofundishwa. Yule kijana hakuvuta kitu. Alishikilia tu. Niliyesokota ni mimi mwenyewe, kilo zangu zote, kama mtu anayekamua shuka.

Goti likasema ko. Mkeka mzima ukanyamaza, hata jamaa aliyekuwa anakabwa pembeni akaachiwa ili waje kutazama.

Ligamenti ya mbele ya goti, imekatika. Meniski, ile gegedu ya ndani ya goti, imechanika. Kipimo cha MRI, kirungu cha bei. Bima walipoona neno "mieleka" kwenye fomu wakanipigia simu wakicheka, kisha wakaacha kupokea zangu. Pikipiki iliyokuwa inanilisha niliiuza ili daktari wa mifupa ale. Na usifikiri mateso ni upasuaji. Mateso ni choo cha kuchuchumaa ukiwa na goti lisilokunja. Hapo ndipo utamjua Mungu. Nikawa naswali kwenye kiti, safu moja na wazee, mzee mmoja akaniuliza kama nami ni sukari imenishika miguu. Nikamwambia ndiyo. Ningemweleza vipi fifti-fifti?

Na mwalimu? Alikuja kuniona na maji ya matunda, akasema niligeuka taratibu mno. Taratibu mno! Nilitamani nimrushie gongo langu la kutembelea.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaiandika kwa herufi kubwa kama mlevi: KISIGINO KWANZA. Kabla ya kusimama, kabla ya kupita, kabla ya kuwaza pointi, kabla ya kujifuta jasho. Mguu wako ukishaingia tu katikati ya yake, kitu cha kwanza mwili wako ufanye ni kukificha. Usikiache kikiwa kifuani kwake kimeangalia dari. Kunja goti, kisigino ukishushe kielekee chini na kigande karibu na nyonga yake, pasiwe na upenyo wa kupitisha kigasha. Mguu ulionyooka ndio anaoutaka. Na mikono yako isiende kwenye kisigino chake kwa tamaa. Iende kwenye mkono wake unaotafuta chako, miwili yako kwa mmoja wake. Mikono yake ikishashikana nyuma ya kisigino chako, umebaki na sekunde chache tu.

Ukishaficha, ndipo uangalie goti lako liko wapi. Miguu yake ikibana juu ya goti lako, paja ni lake na bado uko hatarini. Goti likitoka nje ya mbano wake, hana tena kitu cha kusokota. Kazi yote ya kuipita fifti-fifti ni hiyo: kulitoa goti. Hutoki kwa kuvuta, unatoka kwa kufungua. Miguu yake imejifunga mmoja juu ya mwingine; sukuma ule wa juu ushuke kwa kiganja, hapo karibu na kifundo ambako jasho halitelezi sana, huku kiuno chako kikimsogelea badala ya kumkimbia. Mbano ukilegea, goti linapita kama vile hakukuwa na ugomvi. Usiuachie huo mguu wake uliousukuma. Uvushe upande wa pili wa mwili wake, umwekee kifua juu ya paja, umeshampita. Ni kazi ya polepole na haipendezi kwenye video.

Kusimama kupo, sikatai. Baada ya hapo. Kisigino kimefichwa, goti limekunjwa, uzito uko juu yake. Mtu akikwambia simama kwanza, muulize amewahi kugongeshwa kwa kisigino na nani.

Na akishakushika kabisa? Gonga. Usingoje aanze kusokota. Wapo wanaojua kugeuka kwa kufuata msokoto na kutoka, nimewaona, lakini wanajua upande, na wewe kwa maelezo yako mwenyewe hujui. Ukigeuka upande usio wake unammalizia kazi. Mtazame B.J. Penn, mtu wa kwanza asiye Mbrazili kuchukua ubingwa wa dunia wa jiu-jitsu wa mkanda mweusi, mwaka 2000. Desemba 2018, kwenye mapigano ya ngumi na mieleka ya UFC 232, mpinzani wake Ryan Hall alijiviringisha chini ya miguu yake, akachukua kisigino, na Penn akagonga raundi ya kwanza. Penn! Aligonga, akatoka ulingoni akitembea. Wewe na mimi nani?

Taiti nunua yoyote isiyochanika. Kuhusu kilo sina la kukwambia, mimi tangu goti nimeongezeka.

Leo kabla ya raundi mwambie huyo mwenye miguu mirefu: visigino tunashika, hatusokoti, na akishashika anasema. Akikataa masharti hayo usicheze naye, hata mwalimu akikuita mwoga mbele ya watu. Kisha rudi hapa uniambie mguu wako upi ndio anaokamata, wa kulia au wa kushoto, maana kwenye maelezo yako umeandika vyote viwili.