Re: Meseji za kukumbusha dawa zinasaidia kweli?
Ndugu, umeuliza kama meseji za kukumbusha dawa zinasaidia au ni kelele tu. Kenya walishapima. Utafiti wa WelTel, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, ulihusu watu 538 walioanza ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI). Takriban nusu walitumiwa meseji moja kwa wiki: "Mambo?" Ukijibu "Shida", au ukikaa kimya siku mbili, muuguzi anakupigia. Baada ya mwaka, waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57, dhidi ya 48 kwa wasiotumiwa. Mimi nadhani siri ni yule muuguzi (simu yenyewe hata ya tochi inatosha). Ila usitume kila siku: utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, 2011, uliona za kila wiki zilisaidia, za kila siku wapi.