Kanda za Led Zeppelin zisizotolewa: kasi kwanza, usafi baadaye

Mtu akishaingiza kaseti ya zamani kwenye kompyuta, mkono unakimbilia kuondoa ile "shshsh" ya utepe. Kanda nyingi za Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, zinazozunguka mtandaoni ziliharibikia hapo. Shshsh ilikuwa shida ndogo tu. Kubwa zaidi ni kwamba kanda ilikuwa inakwenda mbio kuliko bendi ilivyopiga, au kichwa cha deki, kile kinachosoma utepe, kilikaa upande kikala sauti zote za juu, au nakala iliyotumika ni ya kizazi cha tano, yaani nakala ya nakala, wakati ya pili ipo. Nakala, kichwa na kasi: hapo ndipo kazi ilipo. Programu za kusafisha huja mwisho, na mara nyingi hukuta hakuna cha kufanya.

Nakala iliyo karibu na chanzo

Bendi hii ilipanda jukwaani kuanzia 1968 hadi 1980, na sehemu kubwa ya maonyesho hayo haijatolewa rasmi hadi leo. Baadhi ya kilichotoka kinafahamika: vipindi vya BBC mwaka 1997, kisha mwaka 2003 ikaja How the West Was Won, iliyounganishwa kutoka maonyesho mawili ya Juni 1972, la Forum jijini Los Angeles tarehe 25 na la Long Beach tarehe 27. Kwa kuwa imeunganishwa, haikupi usiku mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana kaseti ya mtazamaji bado ina thamani hata pale albamu rasmi ipo.

Rekodi za mikseri, zilizochukuliwa moja kwa moja kwenye mashine ya fundi sauti, zinapendwa kupita kiasi. Kwenye ukumbi mdogo hasa, ampi za gita na ngoma zilikuwa zinasikika vya kutosha zenyewe, kwa hiyo fundi hakuzipitisha sana kwenye mikseri. Matokeo yake mwimbaji yuko mdomoni mwa maikrofoni na bendi iko chumba cha pili. Rekodi nzuri ya ukumbini inaizidi. Mfano ambao kila mkusanyaji anaujua ni wa Forum, 21 Juni 1977: Mike Millard alirekodi akiwa miongoni mwa watazamaji kwa deki ya kaseti ya Nakamichi 550 na maikrofoni za AKG 451E, na hadi leo watu wanaitafuta kuliko rekodi nyingi za mikseri. Kaseti za mtu huyu zimefika hata kwenye matoleo rasmi: onyesho la Pink Floyd la 26 Aprili 1975, Los Angeles, alilorekodi yeye, liliwekwa kwenye toleo la miaka 50 la Wish You Were Here baada ya kurekebishwa na Steven Wilson.

Ukiwa na nakala mbili za onyesho moja na hujui kama zimetoka kwenye maikrofoni moja, sikiliza watazamaji badala ya bendi. Mluzi uleule, kikohozi kilekile, mtu yuleyule anayepiga kelele kabla ya wimbo wa pili: hiyo ni kanda moja yenye nakala mbili. Kisha tazama mikato. Kaseti ya dakika 90 inageuzwa kila baada ya dakika 45, na onyesho la 1977 lilipita saa tatu, kwa hiyo pengo la kugeuza upande haliepukiki. Nakala ikiwa na mikato ya ziada ambayo mwenzake haina, hiyo ya ziada iliingia wakati wa kunakili, na nakala hiyo iko mbali zaidi na chanzo. Nyingine ikiendelea sekunde kumi zaidi kabla ya pengo, hiyo ndiyo ya kushika.

Halafu kuna faili za FLAC, zinazobana sauti bila kupoteza kitu, ambazo zamani zilikuwa MP3, inayotupa sehemu ya sauti. Zifungue kwenye spektramu, picha inayoonyesha sauti za juu na za chini. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatika kama ukuta kwenye kilohezi 16. Lakini usimhukumu mtu kwa ukuta pekee. Matangazo ya redio ya FM hayabebi muziki juu ya kilohezi 15, na DAT, kaseti ya kidijitali, iliyorekodiwa kwa kasi ndogo ya sampuli 32,000 kwa sekunde nayo haivuki 16. Kinachoifichua MP3 ni vishimo vidogo vidogo vinavyofunguka na kufunga chini ya ukuta huo, kama shuka iliyoliwa na nondo.

Deki na kichwa

Kaseti ikifika, ikague kwa macho kabla ya kuichezesha. Kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe dhidi ya kichwa huwa kimebanduka. Kikikosekana, sauti hupanda na kushuka na upande mmoja hupotea. Kama ganda limefungwa kwa skrubu tano, hamisha utepe kwenye ganda jipya zuri. Kama limegundishwa, lipasue taratibu kwenye mshono, usilikunje. Safisha kichwa na njia ya utepe kwa pamba na pombe ya isopropili ya asilimia 99, uache ikauke. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, ili utepe uliokaa miaka bila kuguswa ulegee.

Rili, yaani utepe uliozungushwa kwenye gurudumu bila ganda la kaseti, ni habari nyingine. Tepe za Ampex 406 na 456 zina ugonjwa unaojulikana: gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya unyevu, utepe unanata, unalia kama mlango usiotiwa mafuta na kuacha matope ya kahawia kichwani. Ukisikia mlio huo simamisha papo hapo. Kila mita inayopita inaacha muziki kwenye kichwa. Dawa yake ni joto dogo la muda mrefu: nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa nane au zaidi ndani ya mashine ya kukaushia vyakula yenye feni, huku rili ikigeuzwa mara chache, kisha ipoe kwa muda uleule kabla ya kuchezwa. Oveni ya jikoni haifai, joto lake linaruka. Na kabla ya yote inua rili dhidi ya taa. Mwanga ukipenya kwenye utepe, huo ni wa asetati, aina ya plastiki ya zamani, na asetati haiokwi kabisa.

Sasa kichwa. Deki iliyorekodi na deki yako hazikukaa pembe moja, na tofauti ndogo ya pembe inafuta sauti za juu kabla hazijafika kwenye waya. Weka sauti kwenye mono, chukua bisibisi isiyo na sumaku, na uzungushe skrubu ya upande wa kichwa robo ya mzunguko au chini ya hapo huku ukisikiliza matoazi ya Bonham, mpiga ngoma wa bendi. Yatafifia, yatang'aa, yatafifia tena. Rudi pale yalipong'aa. Fanya hivyo kwa kila upande wa kila kaseti, maana upande wa pili mara nyingi haulingani na wa kwanza. Anayeruka hatua hii kisha akaongeza sauti za juu kwa ikwalaiza anapandisha shshsh tu. Muziki wenyewe haumo kwenye faili.

Dolby B, mbinu ya deki ya kupunguza shshsh, ije baada ya kichwa kukaa sawa, kwa sababu inapima sauti za juu ili ijue ipunguze kiasi gani. Zikiwa zimepotea, itazipunguza zaidi. Usipokuwa na uhakika kama kanda ilirekodiwa na Dolby, iingize bila. Hilo linaweza kurekebishwa baadaye, kinyume chake hakirekebishiki vizuri.

Rekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, vilele vikiishia karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Dakika 90 za stereo zinakula takriban gigabaiti 3.1 kabla ya kubanwa kuwa FLAC. Faili hiyo ghafi haiguswi tena. Kila unachofanya, fanya kwenye nakala yake.

Kasi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Redio za kurekodia zilizobebwa ukumbini zilitumia betri, na betri ikichoka mota hupunguza mwendo. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa polepole, ikichezwa kwenye deki ya kawaida, inapanda. Ndiyo maana wimbo wa kwanza unaweza kuwa sawa na wa mwisho ukawa juu kwa karibu nusu toni, na ndiyo maana namba moja ya marekebisho kwa onyesho zima haitoshi.

Shahidi wa kwanza ni mvumo wa umeme. Marekani umeme unakwenda kwa hezi 60, Uingereza na bara la Ulaya kwa 50, na mvumo wa ampi za jukwaani mara nyingi unasikika kwenye vipindi vya kimya. Tengeneza nakala ya muda, ishushe hadi sampuli 1,000 kwa sekunde, kisha pima spektramu kwa dirisha la sampuli 8,192. Hapo unaona tofauti ya takriban sehemu ya kumi ya hezi. Soma kwenye 180, ambako mvumo uleule hujitokeza tena, badala ya 60 ikiwezekana, kwa sababu kosa linakuwa mara tatu na jicho linaliona upesi. Tuseme 60 imekaa kwenye 61.2. Kanda inakwenda mbio kwa asilimia 2, ambazo ni senti 34, yaani theluthi ya nusu toni. Gawanya 60 kwa 61.2, upate 0.9804, na hiyo ndiyo kasi mpya. Kipande cha dakika 20 kitakuwa dakika 20 na sekunde 24.

Shahidi huyu lakini anaweza kuwa wa uongo. Deki iliyotumika kunakili nayo ina mvumo wake, na huo umeingia baadaye. Ukiona mistari miwili, mmoja umetulia tuli na mwingine unapanda polepole pamoja na muziki, fuata unaopanda. Ukiona mmoja tu ambao haujali muziki unavyopanda, usiuamini.

Shahidi wa pili ni ogani ya Hammond, ambayo John Paul Jones, mpiga besi na kinanda wa bendi, aliipiga sana miaka ya mwanzo. Toni zake zinatoka kwenye magurudumu yanayozungushwa na mota inayofuata masafa ya umeme, kwa hiyo mpigaji hawezi kuipandisha wala kuishusha kama gita. Kwa maonyesho ya Marekani ni ushahidi mzito. Ng'ambo ya pili ya bahari, ogani ya Kimarekani ilihitaji kibadili masafa, basi isimame pamoja na shahidi mwingine. Mellotron usiiulize: ni mashine inayocheza tepe zake yenyewe, na ina kitufe cha kubadili toni.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kulinganisha kanda ya jukwaani na albamu. Chukua No Quarter. Studioni Jimmy Page, mpiga gita, aliishusha nusu toni nzima kwa kupunguza kasi ya tepe, lakini jukwaani bendi iliipiga katika Re ndogo (D minor). Anayevuta kanda ya 1975 ilingane na albamu anaishusha karibu asilimia 6, na sauti ya Plant, mwimbaji, inageuka ya mtu aliyeamka usingizini.

Pima kila baada ya dakika tano, chora mstari wa mabadiliko, kisha uutumie mara moja tu kwenye faili ya 96,000. Tumia kubadili sampuli, ambako kasi na toni vinakwenda pamoja. Zana za kubadili toni bila kubadili muda zinapasua mapigo ya ngoma.

Baada ya hapo, kidogo sana

Mvumo wa umeme ukatwe kwa kichujio chembamba baada ya kasi kunyooka, kwa kuwa sasa umesimama sehemu moja. Usiguse 120 kama besi inakaa hapo. Shshsh, kama ni lazima, desibeli 3 au 4, ukijifunza kutoka sehemu ambayo hata watazamaji wamenyamaza. Ukisikia matoazi yanabubujika kama yako ndani ya ndoo ya maji, umepita. Mashine zilizojirekebisha ukubwa wa sauti zenyewe zinadidimiza bendi kila watu wanaposhangilia. Hilo hurekebishwa kwa mkono, mstari wa sauti ukipandishwa taratibu baada ya kila kelele. Kanda ya mono iliyorekodiwa kwenye njia mbili, chagua njia bora na uache nyingine. Ukizijumlisha bila kuzilinganisha hadi sampuli moja, sauti za juu zinafutana.

Pengo likijazwa kutoka rekodi nyingine, rekebisha kasi ya kila moja kwanza, kisha uziunganishe kwenye pigo la ngoma. Kuchanganya mikseri na ukumbini kwa pamoja kunataka subira zaidi: mtu aliyekaa mita 30 kutoka jukwaani alisikia kila kitu karibu milisekunde 87 nyuma, na kaseti mbili hazikai pamoja zaidi ya dakika chache.

Ukitoa nakala ya sampuli 44,100 kwa ajili ya CD, kata nyimbo kwenye mipaka ya sampuli 588, la sivyo kutakuwa na mkatiko mdogo kati ya wimbo na wimbo. Toa hesabu ya MD5 ya kila faili, namba inayoonyesha kama faili imebadilika. Andika faili ya maandishi: tarehe, ukumbi, aina ya chanzo, vifaa kama vinajulikana, kila deki na programu kanda ilikopitia, namba za kasi ulizotumia, na sekunde hasa ambapo kiraka kinaanza na kuisha. Haki za muziki zinabaki kwa bendi, kwa hiyo hakuna kuuza, na onyesho likitolewa rasmi ondoa lako kwenye mzunguko.

Kaseti yenyewe usiirudishe mwanzo baada ya kazi. Utepe uliojikunja kwa kasi ya kawaida ya kuchezwa umelala sawa kuliko ule uliorudishwa mbio, basi uache hivyo hivyo, usimamishe kaseti wima kwenye kasha lake, mbali na spika, na uandike juu ya kasha kwamba iko mwishoni.