Begi la chakula: pimeni hotpoti kabla ya kushika mkasi

Shule zikifunguliwa tu, ujumbe unamiminika: begi la chakula, begi la chakula. Nimechagua maswali yanayofaa wengi. Kutia uzi na kujaza bobini najua mnajua, kwa hiyo huko sianzii.

Shikamoo fundi. Nimeprinti patani (mchoro wa kukatia kitambaa) ya begi la chakula kutoka intaneti, nikafuata kila mstari, lakini hotpoti ya mtoto haiingii. Patani ni mbovu? (Mama wa mapacha, Buzuruga)

Marahaba, mama. Swali langu ni lilelile la kila mwaka: hotpoti uliipima? Aliyechora patani hajawahi kuiona hotpoti yako. Patani nyingi za huko zimechorwa kwa boksi bapa la mkate na tufaha. Yetu ni ya duara, ina mfuniko uliotuna, na ndani kuna wali na maharage.

Halafu kuna steshenari. Karatasi ya Marekani ina upana wa sentimita 21.6, A4 yetu ni 21, kwa hiyo kompyuta inaminya mchoro ili uenee. Mwambie kijana aprinti kwa asilimia 100, usimwachie mashine iamue. Patani nzuri ina kibox cha kujaribia, mara nyingi cha inchi 1. Weka futi kamba juu yake: kama si sentimita 2.54, rudisha karatasi kabla hujalipa. Patani ikipungua asilimia 5, kipande cha sentimita 38 kinabaki 36, na hapo ndipo hotpoti inapogoma.

Lakini kusema kweli, begi la mraba halihitaji patani ya mtu. Pima hotpoti sehemu iliyo pana kuliko zote, pamoja na vishikio vyake. Tuseme ni sentimita 14. Ongeza 4 kwa ajili ya sponji na nafasi ya mkono, unapata 18. Huo ni upana, na kwa kuwa hotpoti ni ya duara, ndicho pia kina cha begi kwenda nyuma. Urefu wa kwenda juu weka 18 pia, kijiko na ndizi vipate pa kukaa. Sasa kata vipande viwili. Upana wa kila kimoja ni upana wa begi, jumlisha kina, jumlisha akiba ya mshono (kitambaa kinachoingia ndani ya mshono) pande mbili: 18, 18 na 2, jumla 38. Kwenda juu ni 18, nusu ya kina ambayo ni 9, na akiba 2, jumla 29. Kwenye kona mbili za chini za kila kipande ondoa mraba wa sentimita 9 kwa 9, ukipima kutoka ukingoni kabisa. Shona ubavu na chini, kisha fungua kona, laza mshono wa ubavu juu ya mshono wa chini, piga mshono kukatiza. Begi linakaa lenyewe mezani. Kina kikibadilika, mraba wa kona ni nusu yake siku zote.

Kitenge yadi ngapi zinatosha? (Dada wa Igoma)

Kwa vipimo hivyo hapo juu, yadi moja inatoa upande wa nje wa mabegi matatu. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, vipande viwili vinakaa ubavu kwa ubavu na kinachobaki kinatosha mikanda na mfuko wa kijiko. Kifue na ukipige pasi kabla ya kukata. Mkishakata ndipo mnafua, halafu mnasema kitenge cha maduka ya Makoroboi kimeruka. Hakikuruka, kimesinyaa kama pamba yoyote.

Fundi, nitumie patani kwenye namba yangu. (Wengi sana)

Someni jibu la kwanza.

Mwangaluka fundi. Mume wangu anatoka alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni. Nimemshonea begi zuri lenye sponji nene, lakini saa sita ugali na samaki vimeshaanza kuchacha. Niongeze sponji? (Mama wa Kirumba)

Mwangaluka, mama. Usiongeze kitu. Begi lenye sponji halipozi wala halipashi, linachelewesha tu. Ukiweka kitu cha moto linachelewesha kisipoe, ukiweka cha baridi linachelewesha kisipate joto. Ukiweka cha uvuguvugu, hapo umewatengenezea vijidudu kitanda chao. Wanapenda kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa humo zaidi ya saa mbili. Hewa ikipita nyuzi 32, hesabu saa moja. Na begi likining'inizwa juani Mwaloni karibu na maboti, ndani yake kuna joto kuliko hewa ya nje.

Nadhani unapika usiku, unapasha kidogo alfajiri, unafunga. Kosa liko hapo, sindano haihusiki. Mwaga maji yaliyochemka kwenye hotpoti, funika dakika kumi, yamwage, kisha tia chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi, na ujaze hadi juu kwa sababu nafasi tupu inapoza. Asifungue hadi wakati wa kula. Kama hotpoti yake imechoka na saa sita chakula ni vuguvugu, nunua nyingine kabla hujanunua kitambaa. Njia ya pili ni ya baridi: chakula kilicholala kwenye friji, chupa ya maji ya nusu lita iliyoganda ubavuni, begi limefungwa. Mchana maji yakiyeyuka anayanywa.

Wali muogopeni zaidi ya ugali. Una vijidudu ambavyo mbegu zake zinapona kwenye sufuria, na sumu wanayoitoa wali ukilala nje haiondoki kwa kupasha. Kiporo cha wali kilicholala juu ya kabati msimfungie mtoto hata kama begi limeshonwa na malaika.

Naweza kutumia mfuko wa mbolea kama bitana? Ni mgumu na haupitishi maji. (Kijana wa Sengerema)

Hapana. Wala wa sementi, wala uliobeba dawa ya pamba, hata ukiufua mara mia. Siku hizi mnapita daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Njoo mjini Mwanza ununue kitambaa cha mwavuli.

Nashona bitana ya plastiki ile ya kitambaa cha meza. Cherehani inaruka mishono, sindano zinakatika. Nibadili cherehani? (Fundi mwanafunzi, Nyakato)

Cherehani iache. Plastiki inanata chini ya mguu wa cherehani, kitambaa hakisogei, wewe unakivuta kwa mkono, sindano inapinda na kugonga bati. Weka karatasi nyembamba juu ya plastiki, shona pamoja nayo, kisha ichane. Refusha mshono ufike milimita 3 au zaidi, maana mishono midogo inatoboa plastiki mpaka inachanika kama stempu. Sindano namba 14 inatosha, ukifika penye mikanda na matabaka manne weka 16 na uzungushe gurudumu kwa mkono. Pini usitumie, tundu la plastiki halizibi. Tumia vibanio vya nguo. Kwa sababu hiyohiyo, ukikosea usifumue ovyo. Pasi isiguse upande wa plastiki.

Na chapati tupu isiwekwe juu ya hiyo plastiki. Ni ya meza, haikutengenezwa kugusa chakula.

Nataka kushona ya kuuza kwa wazazi, yenye nembo za Simba na Yanga. Niuze bei gani? (Mama mjasiriamali, Pasiansi)

Nembo zina wenyewe, ni za klabu. Shona nyekundu na nyeupe, shona kijani na njano, wanunuzi wataelewa bila nembo. Bei siwezi kukupangia, ila andika kila kitu: kitenge, bitana, sponji, zipu, uzi, umeme, nauli ya kwenda mjini, na mkono wako. Huo wa mwisho akina mama wengi mnausahau, mnauza kwa bei ya vitambaa halafu mnaita biashara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu wamezoea kulipia mfuko. Watalipia na begi likishonwa vizuri.

Begi la mwanangu linanuka dagaa, nimefua nimechoka. (Mama wa Musoma)

Kwa sababu bitana imeshonewa humo moja kwa moja, na mchuzi umeshuka kwenye sponji. Sponji ikishanywa mchuzi imekwisha, itupe. Nimeandika hili mpaka vidole vimeuma: bitana ya begi la chakula iwe ya kutoka. Ishone kama begi la pili, dogo kwa sentimita 1 kila upande, ishike mdomoni kwa vifungo vinne vya kubonyeza. Kila jioni itoe, isuuze kwa sabuni, ianike igeuzwe ndani nje. Mnahangaika na rangi ya kitenge wiki nzima, bitana inayokaa na chakula mnaikata kwenye gagulo kuukuu.

Zipu au velkro? (Mwalimu, Nansio)

Kwa mtoto wa awali, velkro, maana zipu itamshinda na chakula kitarudi nyumbani. Kwa mkubwa, zipu ya plastiki yenye meno manene. Ya chuma hapo kisiwani itapata kutu kwa maji ya samaki. Inunue ndefu kuliko mdomo wa begi kwa sentimita 5, ncha zitokeze nje ya mshono, usije ukashona juu ya kichwa cha zipu ukavunja sindano.