Waliocheka panya wangu, salamu zenu

Tangu niposti kwamba nimepata skolashipu inboksi imejaa, na wengi swali ni lilelile, bro kwenye proposo uliandika nini. Niliandika panya. Panya na ulevi.

Mimi wa Nkuhungu hapa Dodoma, na ukoo wetu upande wa baba pombe imeumaliza, babu, baba, baba wadogo, ila shangazi hata mvinyo wa zabibu harusini hagusi, na wamekulia nyumba moja ugali mmoja. Nilipopeleka wazo la kusoma jenetiki ya uraibu kwa panya, chuo fulani sikitaji, mkubwa mmoja akasema kama ni panya si uende Morogoro ukafundishe wale wa kunusa mabomu. Ukumbi mzima kicheko. Mpaka leo naisikia.

Sasa sikieni. Kuna panya wadogo wa maabara wanazalishwa kaka kwa dada vizazi 20 na zaidi, mpaka kijeni wanakuwa kama mapacha. Unawawekea chupa mbili kizimbani, moja maji matupu, nyingine maji yenye pombe, tuseme asilimia 10. Wa aina ya C57BL/6 wanaishambulia ya pombe, DBA/2 wanaionja wanaiacha, na chakula chao ni kilekile. Watafiti McClearn na Rodgers wa Marekani waliandika tofauti hizo tangu 1959! Halafu unawachanganya hao wawili, wajukuu unawazalisha tena kaka kwa dada mpaka unapata koo nyingi, zinaitwa BXD, unaangalia kipande gani cha kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, kinaandamana na unywaji. Niliposoma hapo nikawaona baba na shangazi kabisa.

Kwa hiyo chagua swali linalokuuma kwenu, na ulijue kuliko wanaokusaili. Kwenye usaili wa skolashipu mama mmoja akanibana, kwa hiyo mlevi kazaliwa mlevi? Nikamwambia hapana mama, tafiti za mapacha zinaupa urithi karibu nusu tu ya hatari ya ulevi, na 1999 mtafiti Crabbe na wenzake walipima panya wa aina zilezile kwa vipimo vilevile kwenye maabara 3, Portland na Albany za Marekani na Edmonton ya Kanada, na baadhi ya majibu bado yakapishana, maana yake mazingira nayo yana neno. Akaacha kuandika, akaniangalia.

Vijana wenzangu tunapenda mteremko sana jamani. Mnataka niwatumie proposo mbadilishe jina, situmi. Someni kwanza tafiti hizo, ya 1959 na ya 1999, mkikwama kwenye jeni niulizeni usiku wowote, ila mambo ya kujaza fomu msinisumbue.